Kigoma: Kubahatisha spea ni ghali kuliko spea yenyewe

Na Mwandishi Wetu, Kigoma

MWENYE gari dogo la abiria mjini Kigoma ambaye injini yake imeanza kumisi ana njia mbili za kutumia fedha zake. Ya kwanza ni kununua plagi, kisha waya za plagi, kisha koili, kisha pampu ya mafuta, hadi gari litakapokubali kuwaka. Ya pili ni kumlipa fundi apime kwanza, ndipo aende dukani akijua anachokitafuta. Wengi huchagua ya kwanza kwa sababu kila hatua yake inaonekana ndogo, na wauza spea wa Mwanga na Ujiji hawana sababu ya kuwakataza.

Kwa mtu wa Dar es Salaam kosa la namna hiyo linaweza kusahihishwa jioni ileile. Hapa sivyo. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914 na mpaka leo mji huu ndio mwisho wa mzigo unaotoka pwani, zaidi ya kilometa 1,200. Spea za kila siku kama plagi, chujio, mikanda na fani zinapatikana madukani. Lakini kifaa cha umeme cha injini maalumu mara nyingi huagizwa Kariakoo au Gerezani, kikapanda basi na kupokewa stendi. Kikifika na kuonekana si chenyewe, safari inaanza upya.

Tuseme tajiri anapokea hesabu ya Sh. 20,000 kwa siku kutoka kwa dereva wake. Gari likilala siku 3 kungoja koili, na siku nyingine 3 kungoja kifaa ambacho ndicho kilichokuwa kibovu tangu mwanzo, amekosa Sh. 120,000 kabla hajalipa fundi wala nauli ya kifurushi. Dereva naye, ambaye hana mshahara ila kinachobaki baada ya hesabu na mafuta, amekaa siku 6 bila chochote. Hapo ndipo maneno huanza: tajiri anamshuku dereva kwamba anakula njama na fundi, dereva anamshuku tajiri kwamba anaogopa gharama, na fundi anamlaumu muuza spea kwa kuuza feki. Kila mmoja anaweza kuwa na hoja yake, lakini chanzo cha ugomvi huwa ni kwamba hakuna aliyepima.

Soko lenyewe la vifaa vya moto wa injini lina madaraja matatu. Kuna vipya vya kampuni zinazojulikana, ambavyo ni ghali. Kuna vipya vya bei nafuu, vingine vikiwa na maboksi yanayofanana sana na yale ya kampuni kubwa. Na kuna mtumba uliotolewa kwenye magari yaliyokatwa, unaotoka Japan moja kwa moja au kupitia Dubai. Kwa koili, ignaita na distribyuta, wengi huona mtumba ulio halisi kuwa bora kuliko kipya cha bei poa, na mwandishi wa safu hii anakubaliana nao. Tatizo ni kwamba madukani kuna kanuni inayojulikana na wote: kifaa cha umeme kikishauzwa hakirudishwi. Kwa maneno mengine, hatari yote ya kukosea inabebwa na mnunuzi.

Kompyuta haisemi nunua nini

Magari mengi madogo ya petroli yanayofanya kazi kati ya Mwanga, Ujiji, Mwandiga na Kasulu ni Toyota zilizotumika Japan. Karibu yote, hata yale ya miaka ya 1990, yana kompyuta ndogo ambayo mafundi wetu huiita kontroli boksi. Kompyuta hiyo inaangalia sensa za injini, ikiona jambo lisilo la kawaida huwasha taa ya cheki injini kwenye dashibodi na kuhifadhi namba ya hitilafu. Mafundi huziita namba hizo kodi, ingawa hazihusiani na zile za TRA.

Kosa kubwa linalofanywa na wenye magari, na baadhi ya mafundi, ni kuichukua namba hiyo kama jina la spea. Sivyo ilivyo. Namba inataja njia ya umeme ambako kompyuta imekosa taarifa iliyotarajia. Njia hiyo ina kifaa, ina waya, ina soketi, ina fyuzi na ina arthi. Lolote kati ya hayo likikatika, namba itakuwa ileile.

Mfano mzuri ni namba 14 katika Toyota za miaka ya 1990. Ili plagi itoe cheche, kompyuta hupokea kwanza mawimbi yanayoonyesha injini inazungukaje, mara nyingi kutoka ndani ya distribyuta. Kisha inapeleka amri kwa ignaita, ignaita inakata umeme wa koili ghafla, na koili inazalisha umeme mkali unaoruka kwenye plagi. Baada ya hapo ignaita hurudisha jibu kwa kompyuta kwamba kazi imefanyika. Jibu hilo likikosekana mara kadhaa mfululizo, kompyuta huandika namba 14.

Na hapa ndipo pesa za watu hupotea. Kompyuta ikikosa jibu hilo, katika injini nyingi za aina hii hukata pia mafuta, kwa sababu hakuna faida ya kumwaga petroli kwenye silinda isiyo na cheche. Fundi anafungua nozeli, anaona hazimwagi, anatangaza kwamba pampu imekufa. Pampu inanunuliwa, tangi linashushwa, siku inaisha, gari haliwaki. Mafuta hayakuwa na hitilafu yoyote, yalizuiwa. Fundi aliyesoma namba kabla ya kushika spana angeanza kwenye ignaita, koili na waya zake.

Hata hapo hatakiwi kukimbilia dukani. Swali la kwanza ni je, umeme wa volti 12 unafika kwenye koili swichi ikiwa imewashwa? La pili, koili yenyewe ina ukinzani unaotakiwa? Katika Corolla nyingi za katikati ya miaka ya 1990, ambazo koili yake imo ndani ya distribyuta, upande wa kwanza wa koili hupimwa kati ya omu 1 na 2, na upande wa umeme mkali kati ya kilo-omu 9 na 16 hivi, injini ikiwa baridi. Waya ya plagi isizidi kilo-omu 25. Mita ya kupimia hayo yote ni ndogo, inaingia mfuko wa shati, na bei yake ni chini ya ile ya distribyuta moja ya mtumba.

Zipo ignaita na koili zinazopita kipimo zikiwa baridi na kufa zikipata joto. Dalili yake wenye magari wanaijua: gari linatoka Mwanga asubuhi bila shida, saa saba mchana linazima ghafla Ujiji, linasukumwa kando, baada ya nusu saa linawaka kana kwamba hakuna kilichotokea. Likifika gereji limepoa na fundi haoni kitu. Gari la namna hiyo lipimwe palepale lilipozimia, likiwa la moto, au fundi aliwashe na kuliacha linguruma mpaka lizime mbele yake. Kumwachia fundi funguo asubuhi na kurudi jioni hakutasaidia.

Kusoma bila mashine

Habari njema kwa wenye magari ya zamani ni kwamba namba zao husomwa bila mashine. Kwenye injini, karibu na betri au ukuta wa bodi, kuna kisanduku kidogo chenye kifuniko kilichoandikwa DIAGNOSIS. Ndani yake kuna matundu yenye majina. Fundi huunganisha tundu la TE1 na la E1 kwa kipande cha waya, anawasha swichi bila kupiga stata, kisha anatazama taa ya cheki injini.

Taa ikipepesa kwa kasi moja bila kukoma, kompyuta haina hitilafu iliyoihifadhi. Kama ipo, taa hutoa tarakimu ya kwanza kwa kupepesa, inanyamaza kidogo, kisha tarakimu ya pili. Mpepeso mmoja, kituo, mipepeso minne: hiyo ni 14. Namba 12 na 13 zinahusu mawimbi ya mzunguko wa injini, 22 sensa ya joto la maji, 31 upimaji wa hewa inayoingia, 41 sensa ya mlango wa hewa unaofunguliwa na pedeli ya mafuta, na 42 sensa ya mwendo wa gari.

Zipo namba zinazowatia watu hofu bure. Ya 51 hujitokeza kama kiyoyozi kimewashwa au pedeli imekanyagwa wakati wa kusoma. Ya 43 inahusu stata, na katika Toyota nyingi za miaka hiyo gari lililowashwa kwa kusukumwa linaweza kuiandika. Kwa betri tulizonazo, gari lisilowahi kusukumwa ni nadra, kwa hiyo namba hiyo isimfanye mtu anunue stata.

Baada ya kutengeneza, namba hufutwa kwa kuchomoa fyuzi iliyoandikwa EFI kwa nusu dakika hivi. Lakini ifutwe baada ya kuandikwa kwenye karatasi, si kabla. Upo mtindo mbaya wa kuchomoa waya wa betri ili taa izime na mteja aondoke akiwa ameridhika. Taa inazima kweli, na ushahidi unafutika pamoja nayo. Fundi wa pili atakayepelekewa gari hilo anaanzia gizani.

Probox na wenzake

Kwa magari ya miaka ya 2000 kama Probox, ambayo sasa ndiyo yanayobeba abiria na mizigo hadi vijijini, hali ni tofauti kidogo. Injini yake ya 1NZ haina distribyuta wala waya ndefu za plagi. Kila silinda ina koili yake iliyokaa juu ya plagi, na ignaita imo humohumo ndani. Namba zake ni za herufi na tarakimu, kama P0301, na huhitaji mashine ya kusomea.

Herufi P inahusu injini na gia. Sifuri inayofuata inaonyesha namba hiyo ni ya watengenezaji wote. Ikiwa 1, ni ya kampuni yenyewe. Tatu ni kundi la moto na kumisi. Mbili za mwisho zinataja silinda: P0301 ni silinda ya kwanza, P0304 ni ya nne. P0300 maana yake injini inamisi huku na huku bila silinda moja maalumu, na hapo kununua koili moja ni kutupa fedha; chanzo huwa ni kitu kinachogusa silinda zote, kama mafuta mabaya, hewa inayovuja au pampu dhaifu.

Mfumo huu wa namba ulilazimishwa kwa magari yote madogo yaliyouzwa Marekani kuanzia 1996, na kwa ya petroli katika Umoja wa Ulaya kuanzia 2001. Japan ilichelewa kuliko hapo kwa magari ya soko lake la ndani, na hayo ndiyo tunayoletewa sisi. Ndiyo maana wako wenye magari ya mwisho wa miaka ya 1990 ambao hulipia kupimwa kwa kompyuta, soketi inaingia vizuri chini ya usukani, lakini mashine inaandika kwamba haioni gari. Si lazima mashine iwe mbovu, wala kontroli boksi haijafa. Soketi ni ya umbo lile, lugha ndiyo tofauti. Kwa Toyota nyingi za kundi hilo, kuunganisha tundu namba 4 na 13 kwenye soketi hiyo hufanya taa ipepese namba za kizamani kama ilivyoelezwa hapo juu. Jambo hili lifanywe na mtu anayejua kuhesabu matundu, kwa sababu namba 16 ina umeme wa betri moja kwa moja.

Kwa injini zenye koili nne kuna jaribio lisilogharimu senti. Mashine ikisema silinda ya tatu inamisi, fundi anahamisha koili ya tatu kwenda ya kwanza na ya kwanza kwenda ya tatu, anafuta namba, anaendesha gari. Namba ikihamia P0301, koili ni mbovu na inunuliwe moja tu. Ikibaki P0303, koili ni nzima. Zifuate plagi, kisha nozeli, kisha kipimo cha mgandamizo wa silinda. Kazi nzima haifiki nusu saa. Mteja anayeambiwa anunue koili zote nne bila jaribio hilo kufanyika ana haki ya kuuliza kwa nini.

Mvua na maji ya ziwa

Kuanzia mwezi wa Novemba mvua zinapokolea Kigoma, gari lenye distribyuta hukumbuka ubovu wake. Kofia ya distribyuta yenye ufa mwembamba kama unywele hunyonya unyevu, na umeme mkali unaopaswa kufika kwenye plagi unatambaa juu ya kofia na kuishia kwenye bodi. Injini inagoma kuwaka alfajiri na inakubali jua likishatoka. Hapa kompyuta inaweza isiandike namba yoyote, kwa kuwa ignaita ilitoa jibu lake kama kawaida. Cheche imepotea njiani. Mwenye gari anayeambiwa kompyuta haioni tatizo asidhani kwamba tatizo halipo.

Kipimo chake ni cha usiku. Fungua boneti mahali penye giza, injini ikiwa inanguruma, nyunyiza maji kidogo kama umande juu ya waya na kofia, kisha tazama bila kugusa. Waya iliyochoka itaonyesha vimwali vya buluu vikirukia chuma. Mkono ukae mbali, maana umeme huo hupiga kwelikweli.

Wapo pia wanaoteremsha magari ufukweni kuyaosha na kumwagia injini maji kwa ndoo. Achilia mbali sheria ya mazingira ya mwaka 2004, inayozuia shughuli za kuharibu mazingira ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa ziwa. Kwa injini yenyewe ni hasara. Katika injini nyingi za Corolla plagi zimekaa ndani ya visima virefu, na maji yakiingia humo hayana pa kutokea. Oili nayo huingia kwenye visima hivyohivyo kutoka juu, gasketi ikishakauka. Fundi akichomoa waya ya plagi ikatoka imelowa oili, dawa ni gasketi na mipira yake, ambayo ni rahisi. Kubadilisha plagi peke yake kutampa mteja wiki mbili za amani.

Wenye boti za Kibirizi wanaijua shida hii kwa sura nyingine. Mashine za Yamaha za viharusi viwili zinazosukuma mitumbwi hazina kompyuta wala namba za kusoma, na petroli yake huchanganywa na oili. Oili ikizidi, plagi inachafuka na mashine inamisi katikati ya maji. Mvuvi mwenye busara hubeba plagi ya akiba na kifungulio chake. Kwa Land Cruiser za dizeli, ambazo Kigoma ilizizoea tangu mashirika ya wakimbizi yalipojaa mkoani miaka ya 1990, habari ya plagi haipo kabisa: injini kama 1HZ huchoma mafuta kwa mgandamizo, na fundi aliyekulia kwenye injini hizo huwa na sikio zuri lakini si lazima awe na mita.

Fundi alipwe kwa kupima

Utaratibu wa malipo katika gereji zetu nao unachangia hasara. Fundi hulipwa kwa kufunga kitu. Akitumia saa mbili kufuata waya mpaka akakuta soketi yenye kutu, akaisafisha, mteja anaona amefanya kazi ya bure na kumpa fedha ya soda. Akifunga distribyuta nzima kwa dakika 40, analipwa vizuri. Kwa hesabu hiyo, fundi mwenye familia atafunga distribyuta. Tajiri anayetaka ukweli kuhusu gari lake akubaliane na fundi bei ya kupima pekee kabla boneti haijafunguliwa, na adai aandikiwe namba iliyosomwa na vipimo vilivyopatikana. Karatasi hiyo itamfaa pia akiagiza kifaa Dar es Salaam, kwa kuwa muuzaji anahitaji namba iliyochapwa kwenye kifaa cha zamani; jina la gari peke yake halitoshi. Corolla mbili za mwaka mmoja zinaweza kuwa na ignaita zenye soketi tofauti.

Kwa wanaotazamia kununua gari lililotumika hapa mjini, taa hiyohiyo ya cheki injini ni shahidi asiye na upendeleo, ila naye anaweza kunyamazishwa. Washa swichi bila kupiga stata. Taa lazima iwake. Piga stata, injini ikishashika, lazima izime. Isipowaka kabisa mwanzoni, balbu imeungua au imetolewa, na mwenye gari anajua ni ipi kati ya hizo mbili. Ikiwaka na kuzima vizuri, bado usitoe fedha: liendeshe mpaka Ujiji na kurudi, likiwa na abiria kama linavyofanya kazi, kwa sababu kompyuta iliyofutwa asubuhi huhitaji muda barabarani kabla ya kuandika tena. Muuzaji akikataa safari hiyo, bei anayotaja ishushwe kwa thamani ya distribyuta moja, au aachiwe gari lake.